Nilivyomwacha Bibi Asimame na Mzigo

Kati ya watu wote wa Tabora, aliyeambiwa na hospitali akae kimya dakika kumi kila siku ni mimi. Mimi ambaye kwa miaka mitatu ya sekondari nimefungua mdomo darasani mara nne, na moja kati ya hizo nilikuwa naomba ruhusa ya kwenda chooni, nikanyimwa. Nilipopewa ile karatasi ya maelekezo nilijisemea: haya, hatimaye kuna somo nitakaloongoza.

Nalo nililifeli. Tena si kwa siri. Nililifeli mbele ya bibi yangu, mdogo wangu, na jirani aliyekuwa anaanika mashuka.

Ngoja nieleze ilivyoanza. Baada ya likizo ya mwezi wa sita nilishindwa kuamka. Sisemi nilichelewa kuamka, hilo ni la kila mtu. Nilikuwa naamka macho tu, mwili unabaki. Nasikia mama anafagia uani, nasikia mdogo wangu anatafuta soksi na kulaumu ukoo mzima, najua kabisa kwamba sasa ni zamu yangu kuinua mguu wa kwanza, na mguu siuinui. Sikuwa na homa. Sikuwa na huzuni ya maana ninayoweza kuitaja: hakuna aliyekufa, hakuna aliyeniacha, maana hakuna aliyewahi kunichukua. Nilikuwa tu kama redio iliyozimwa ikaachwa juu ya kabati.

Tunapoishi, hapa Cheyo, walimu wetu wa historia wanapenda kutukumbusha kwamba mababu zetu walikuwa wapagazi, wakibeba pembe za ndovu kutoka huku mpaka pwani, miezi mitatu kwa miguu. Mimi, damu ileile, nilishindwa kubeba madaftari sita kutoka kitandani mpaka shuleni, dakika ishirini na tano, tena barabara imenyooka.

Mama alinipeleka kupima malaria mara tatu. Mara zote tatu hakukuwa na mdudu. Mama ni fundi cherehani, kibanda chake kiko Ng'ambo, na yeye kitu kisichopimika kwa futi kamba humsumbua sana. Mara ya nne daktari hakunitoboa kidole. Aliniuliza maswali, mimi nikajibu kwa mabega, akanipeleka chumba cha mwisho kwa dada mshauri.

Dada mshauri alisema nina sonona. Alisema ni ugonjwa kama magonjwa mengine, siyo uvivu, siyo laana, na kwamba nitakuwa naenda kumwona kila Ijumaa. Halafu akanifundisha zoezi. Ukae mahali, ufumbe macho, ufuate pumzi inavyoingia na kutoka. Wazo likija, usigombane nalo na usilijibu. Litambue, sema moyoni "hili ni wazo," liache lipite. Sauti ikija, "hii ni sauti," iache ipite. Dakika kumi, kila asubuhi. Aliniandikia yote kwenye karatasi, na chini akapiga mstari mara mbili: USIJIBU, TAMBUA TU.

Kumbukeni huo mstari. Mimi niliukumbuka kupita kiasi.

Kulikuwa na haraka pia. Mkuu wa shule alikuwa amemwambia mama, kwa upole lakini mbele ya daftari la mahudhurio, kwamba nisipofanya mtihani wa nusu muhula nitarudia kidato cha tatu mwakani. Na kidato cha tatu mwakani anaingia mdogo wangu. Mdogo wangu! Mtu anayejibu maswali kabla mwalimu hajamaliza kuuliza. Tungekaa darasa moja, na yeye ndiye angekuwa anasahihisha daftari langu. Alishaanza kujiandaa.

"Dada, mimi kwenye dawati nakaa upande wa dirisha," aliniambia. "Na kalamu siazimi."

Kwa hiyo nilianza zoezi kwa bidii ya mtu anayekimbizwa. Kila asubuhi nilitoa kigoda barazani, nikaweka simu ya mama ya kitochi ilie baada ya dakika kumi, nikafumba macho. Siku ya kwanza niligundua kwamba pumzi ukiitazama inaona aibu kama mimi. Ilikatikakatika, ikawa fupi, mwishowe nikawa naivuta kwa nguvu kama mtu anayepuliza moto wa mkaa. Siku ya pili kuku alinipanda mguuni. "Huyu ni kuku," nikasema moyoni, nikamwacha apite, akaniachia na kumbukumbu kwenye ndala.

Mama aliponikuta hivyo alisimama kimya, akainamisha kichwa, na simu ilipolia akasema, "Amina." Sisi ni Wamoraviani, na kwa mama mtu akifumba macho asubuhi ni kimoja kati ya viwili: amelala au anasali. Nilikosa ujasiri wa kumweleza. Siku iliyofuata alikuja na kitenge mabegani, akasimama nami dakika zote kumi.

Mdogo wangu yeye alikuwa na tafsiri nyingine.

"Msimsumbue dada, anachaji," aliwaambia watoto wa jirani. Halafu nikifumbua macho: "Umefika asilimia ngapi?"

Sikuwa namjibu. Lakini ukweli ni kwamba swali lake lilikuwa zuri kuliko yote niliyoulizwa hospitali.

Siku ya kumi na moja ilikuwa Jumamosi, mama amewahi Ng'ambo akaniachia simu, na ndiyo siku mambo yaliponinyookea. Dakika ya kwanza nilipotea, ya pili nikapotea, ya tatu nikaikamata pumzi. Ikaingia, ikatoka. Mawazo yakaja: mtihani, mabega ya mama, dawati la dirishani. Nikayatambua, yakapita mojamoja kama mabehewa ya treni ya mizigo, na mimi nimesimama tu pembeni ya reli, sina tiketi wala haja ya kupanda. Kwa mara ya kwanza tangu likizo kulikuwa na nafasi kidogo kifuani, labda ya kuingiza kidole. Nilikuwa najua kabisa kwamba niko dakika ya sita au ya saba. Nilikuwa najivuna, nisiseme uongo.

Hapo nikasikia hatua. Nikatambua: hatua.

Nikasikia mtu anahema. Nikatambua: mhemo, wa mtu mwingine.

Nikasikia, "Hodi hapa! Mwangaluka!", ile salamu ya asubuhi ya Kinyamwezi. Nikatambua: sauti. Nikatambua hata ni sauti ya nani. Ni ya bibi yangu mzaa baba, anayeishi Kaliua, ambaye baba amebaki naye huko kwa kilimo. Alikuwa ameshuka kwenye treni kuja kumwona mjukuu anayeumwa ugonjwa usioonekana kwenye darubini. Nilijua yote hayo. Na kwenye kichwa changu kulikuwa na mstari umepigwa mara mbili. Usijibu, tambua tu. Basi nikamtambua bibi yangu, nikamwacha apite.

Ila bibi hakupita. Bibi alisimama.

Asiyejua kwetu huenda asione ukubwa wa jambo hili. Kwetu mgeni hatui mzigo mwenyewe. Mtoto wa nyumba ndiye anayekimbia, anapiga goti, anatoa shikamoo, halafu anaupokea mzigo kichwani kwa mgeni na kuutangulia ndani. Mgeni akiutua mwenyewe ni kama ametangaza kwamba nyumba haina watu. Na bibi yangu hajawahi kutangaza hivyo nyumbani kwa mwanawe. Alisimama juani na nusu gunia la karanga kichwani na dumu la asali mkononi, akinisubiri. Akakohoa. Nikatambua: kikohozi. Akakohoa cha pili, kile chenye ujumbe. Nikakitambua nacho.

Dakika tatu. Simu ilipolia nikafumbua macho taratibu, kama nilivyofundishwa, nikiwa na tabasamu dogo.

Bibi alikuwa mbele yangu hatua mbili, shingo imesimama wima, jasho linamtiririka mpaka kidevuni. Nyuma yake, jirani ameshika shuka moja kwa mikono miwili, amesahau kulianika. Dirishani, mdogo wangu.

"Shikamoo bibi," nikasema.

Bibi hakuitikia marahaba. Alimgeukia jirani, mtu asiyemjua kabisa, akamwambia, "Nimetoka Kaliua kumwona mgonjwa. Nimekuta sanamu. Tena linacheka."

Siku zote bibi huniita mke mwenzangu, kwa ule utani wa bibi na mjukuu. Tangu nikiwa mdogo tumekuwa tukimgombea marehemu babu, yeye akidai mimi ndiye niliyemmalizia ugoro. Siku ile aliponipita kuingia ndani alisema, "Nipishe, binti." Binti! Kama tumekutana stendi.

Baadaye nilimbana mdogo wangu. "Ulikuwa unaona. Kwa nini hukutoka kumpokea?"

"Nilitaka kuona nani atashindwa," alisema. "Mimi nilikuwa nimeshika upande wako, ujue."

Mama alirudi kutoka Ng'ambo akakuta kesi sebuleni. Maskini mama, mbele ya mkwewe, alikaa kwenye ukingo wa kochi kama yeye ndiye aliyekuja kusomewa shitaka. Nilijaribu kueleza. Nilisema kuna mawazo, na mabehewa, na kwamba unatambua tu. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kuonekana nimerogwa.

"Mama, hospitali ndio walimwambia," mama alinitetea.

"Hospitali walimwambia asiamkie watu?"

Sasa, ukiangalia ile karatasi vizuri, ni kama walisema.

"Huyu haumwi," bibi alihitimisha. "Huyu ana kiburi. Kuanzia leo hakuna kufumba macho nyumba hii mpaka saa ya kulala."

Ikawa hivyo. Kigoda kikarudi jikoni. Zilibaki siku tisa mtihani uanze.

Natamani niandike kwamba nilipambana. Jumapili niliweza kuvaa, nikafika mpaka mlangoni kwenda kanisani, nikarudi. Jumatatu sikuvaa. Jumanne nililala nimegeukia ukuta, na ile nafasi ya kidole kifuani iliziba kabisa. Hapa sina utani, kwa hiyo nitapita haraka. Wazo likija halikuwa behewa tena, lilikuwa treni nzima, limesimama mbele yangu na injini inanguruma. Lilisema mimi ni mzigo wa watu wengine, na kwamba sasa kuna ushahidi, jirani ameuona. Nililia bila sauti, kwa sababu hata kulia nalia kwa aibu.

Bibi ndiye aliyekuwa nyumbani mchana kutwa. Jumatano, saa nne asubuhi, aliingia chumbani kwetu na ungo na gunia lake la karanga, akakaa kwenye kitanda cha mdogo wangu bila kuomba ruhusa, akaanza kubangua. Tak, tak, tak. Baada ya muda akasema, "Hunijui?"

Nikashuka kitandani, nikapiga goti na nguo za kulalia. "Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umeamkaje?"

"Salama."

"Kichwa?"

"Kizuri."

"Tumbo?"

"Zuri."

"Miguu?"

"Mizuri, bibi."

Ndivyo anavyosalimia, mpaka uishe wewe mwenyewe ndipo ahamie kwenye kuku na mbuzi. Kwa kawaida unajibu vizuri, vizuri, vizuri huku unawaza mambo mengine. Ila siku ile aliacha kubangua.

"Kichwa kizuri, tumbo zuri, miguu mizuri. Sasa hapo kitandani saa nne amelala nani?"

Akarudi mwanzo, kwa sauti ya mtu anayerudia kuhesabu baada ya kukosea. "Kichwa?"

Nikakitafuta kichwa changu kilipo. "Kizito," nikasema. "Kama gunia lililolowana."

Nilisubiri mahubiri. Hayakuja. "Tumbo?"

"Linatetemeka. Kwa ndani."

"Kifua?"

"Kimeziba."

"Miguu?"

"Haitaki, bibi. Mimi nataka, yenyewe haitaki."

Tak, tak. "Mikono?"

Niliitazama. Kwa kweli sikuwa nimefikiria mikono siku nyingi. "Mikono… haina neno."

"Basi shika ungo," bibi akasema.

Kazi ilikuwa kuchambua: nzima huku, zilizosinyaa kule, zilizooza zitupwe. Bibi huweka mbegu, na karanga moja iliyooza ikiingia ndani ya mbegu anaisikia mpaka Kaliua. Dakika mbili hazikuisha nikachanganya.

"Unawaza nini?"

"Mtihani, bibi."

"Mtihani umo kwenye ungo?"

"Haumo."

"Tazama karanga."

Nikatazama karanga. Nikachanganya tena, nikagombezwa tena. Nikawaza jirani, bibi akajua, sijui alijuaje, akanirushia ganda. Kufika adhuhuri nilikuwa nimejaza bakuli moja, na nimegombezwa kama mara kumi na tano. Nilipoinama kuokota zilizodondoka nikaona kwamba kwa muda, sijui mrefu kiasi gani, nilikuwa nikiangalia karanga tu. Nyekundu, kikunjo, doa, nyekundu. Sikumwambia bibi kwamba hilo lilifanana na zoezi la hospitali. Angeniondolea na ungo.

Alhamisi sikuweza hata ungo. Nilijibu salamu kwa ukweli, kila kiungo kibaya, mikono ikiwemo, na bibi akasema, "Haya," akaniacha nilale, akaendelea kubangua palepale. Tak, tak. Usingizi ukanichukua.

Ijumaa tulikwenda hospitali watatu: mimi, mama, na bibi, ambaye alijialika. Dada mshauri alipomwona alisimama, akachutama kidogo, akatoa shikamoo ndefu ya heshima. Bibi alimtazama kwa mshangao.

"Kumbe wewe mwenyewe unaamkia," alisema. "Sasa mjukuu wangu ulimfundishaje asiamkie?"

Ikabidi nieleze yote, kwa sauti yangu ndogo, mbele ya watu watatu. Nilipofika kwenye kikohozi cha pili dada mshauri alivua miwani akafunika uso kwa kiganja. Nilidhani analia. Mabega yakaanza kumtingishika. Mama akafuata, mama yangu aliyekuwa hajacheka tangu mwezi wa saba, na mwishowe nikajisikia na mimi pua inatoa mlio. Bibi pekee alibaki na uso wake.

"Dakika tatu," alisema. "Na gunia."

"Kosa ni langu, bibi," dada mshauri alisema alipopata pumzi. "Sikumwandikia kwamba wageni wanapokelewa."

Walikubaliana, wao wawili, mimi nikiwa shahidi tu. Zoezi litaendelea, lakini baada ya salamu za asubuhi na kwa macho wazi. Siku nikishindwa kukaa, nitachambua karanga. Ijumaa zitaendelea. Na kuhusu Jumatatu, siku ya mtihani, dada mshauri aliniuliza ni kitu gani hasa ninachokiogopa pale shuleni.

"Kuulizwa habari," nikasema.

Ndivyo ilivyokuwa. Mtihani siuogopi, nimezoea kufeli. Niliogopa mtu aniulize habari za siku nyingi, niseme nzuri, halafu nianze kulia nikiwa nimeshasema nzuri.

"Mama yako akiulizwa habari siku amefiwa, anajibuje?" dada mshauri aliuliza.

Mama ndiye aliyejibu. "Nasema nzuri. Halafu nasema ila tumefiwa."

"Basi na wewe sema hivyo. Toa nzuri yao. Halafu toa ila yako."

Jumapili nzima nilifanya mazoezi ya neno moja.

Jumatatu bibi alinisalimia saa kumi na mbili. Kichwa kizito kidogo. Tumbo baya sana. Miguu haijui. "Ikijua utaniambia," alisema, akanikabidhi begi. Mdogo wangu alitembea nami, hatua tano mbele ili watu wasijue tuko pamoja, lakini akawa anageuka kila baada ya mwembe. Mimi nilitazama miguu yangu. Mguu, vumbi. Mguu, jiwe. Mguu, ganda la muwa. Nilifika mbali kiasi cha kushangaa. Kwenye kona ya mwisho nikasimama, na kifua kikaziba. Nikakaa na kifua changu, macho wazi, nimesimama kama nguzo, wanafunzi wananipita pande zote mbili. Sijui muda gani. Mdogo wangu alirudi zile hatua tano, akasimama kando yangu, akajifanya anafunga kamba ya kiatu. Viatu vyake havina kamba.

Getini alikuwa mwalimu wa zamu, mwalimu wetu wa jiografia.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba! Eh, umetupotea. Habari za siku nyingi?"

"Nzuri," nikasema. Ikafuata nafasi ndefu, ambayo ndani yake treni ya Kigoma ingeweza kupita yote. "Ila… si nzuri sana, mwalimu. Naumwa bado. Nimekuja hivyohivyo."

Alinitazama. Aliliangalia daftari lake, akaandika kitu. "Saa nne, wakati wa chai, njoo unieleze," alisema kwa sauti ya chini. "Sasa ingia, mtihani unaanza saa mbili."

Nikaingia. Ndani ya geti nikaegemea ukuta wa maktaba. Mdogo wangu alikuja, akaegemea karibu yangu, akaangalia huku na huku kama kuna anayesikiliza.

"Asilimia ngapi?"

Nilijitafuta. Nilianzia kichwani, nikashuka.

"Kumi na nne," nikasema.

Akafikiri kwa makini, kama nimempa hesabu.

"Haya," alisema. "Zima data."